Mama Bado Hajafa, Benigna

Benigna,

Mama yangu hajafa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za mtihani, kabla ya kuuliza nani alikaa kwenye nafasi yako pale dawatini. Mama ni mzima. Asubuhi hii amenigombeza kwa kuacha kuku waingie kwenye mahindi machanga, na sauti yake ilifika hadi kwenu, ng'ambo ya mibuni. Nilisimama na fimbo ya kuku mkononi nikamsikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya.

Utaelewa kwa nini nikikueleza yote. Nitaeleza kwa mpangilio, ingawa wewe hukupenda mpangilio. Ulikuwa ukisema mimi nasimulia habari kama mtu anayepanga kuni.

Niko msituni, chini ya msuku wetu mkubwa, ule wenye shina lililopinda kama mgongo wa Bibi yako Kandida. Matunda yake, masuku, yameanza kudondoka. Nyumba yetu ya matawi imeanguka upande mmoja, lakini mawe matatu ya jiko bado yapo, na lile la katikati lina alama nyeusi ya siku ile tuliyopika uyoga bila chumvi na ukasema ndivyo wanavyokula watakatifu. Mvua zimeanza tena. Malori ya wanunuzi yameshuka Mbinga na hayatarudi mpaka kahawa nyingine iive. Shule nimemaliza. Sikuchaguliwa. Amechaguliwa Deogratias, yule aliyekuwa akitafuna ncha ya kalamu, na watu wanasema ndiyo maana: amekula wino mpaka ukafika kichwani. Nililia siku moja. Siku ya pili Mama alisema, "Umeshalia, sasa chota maji," nikachota.

Watu wanadhani tulikuwa tukija huku kucheza tu. Tulicheza, sikatai. Tulicheza kombolela mpaka tukasahau kuni. Tulipika ugali wa udongo tukaupakua kwenye majani. Siku moja ulivaa kanga kama padre ukafungisha ndoa ya msuku na mninga, kwa sababu matawi yao yalikuwa yameshikana na ulisema watu wataanza kusema. Mimi nilikuwa shahidi wa pande zote mbili, maana hatukuwa na mtu mwingine.

Lakini zaidi ya yote tulikuja kwa ajili ya hadithi.

Kwetu hadithi ni za jioni, jikoni, watu wakishakula. Mchana ni mwiko. Tuliambiwa hilo tangu tukiwa tunabebwa mgongoni: ukisimulia hadithi jua likiwa juu, mama yako atakufa. Nasikia kwa wengine wanasema msimulizi ataota pembe. Pembe ni nafuu. Pembe ungefunga kitambaa.

Sasa wewe jioni hukuwa na nafasi. Mama yako alikufa siku aliyomzaa mdogo wako Tekla, na tangu hapo wewe ndiye uliyekuwa ukisonga ugali wa baba yako, ukiosha vyombo, ukimbembeleza mtoto. Mara nyingi nilikuja kwenu jioni kusikiliza hadithi za Bibi Kandida nikakukuta umelala umekaa, mwiko wa ugali mkononi. Hadithi ilikuwa haijafika hata mtoni. Nafasi yako ilikuwa mchana tu, kwenye kuni. Nakumbuka siku ya kwanza. Ulitua mzigo chini, ukafuta jasho kwa kiganja, ukasema, "Kaa hapo. Mimi sina mama wa kufa. Nitakusimulia."

Ulilisema kama mtu anayesema hana viatu.

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Wewe ulisimulia, mimi nilisikiliza, kwa sababu mimi nilikuwa na mama. Hata neno moja la hadithi sikuwahi kulitamka mchana. Ukijisahaulisha kwa makusudi ili nikurekebishe, nilikuonyesha kwa vidole. Ulicheka mpaka ukaanguka kwenye majani makavu.

Ukishamaliza, tulianza mchezo wetu mwingine, tuliouita kumenya. Ulisema hadithi ni kama kahawa. Ganda jekundu ni la ndege. Ndani ya ganda kuna utelezi, ndani ya utelezi kuna ngozi, na ndani ya ngozi ndiko kwenye kahawa yenyewe. "Wakubwa wanatupa ganda jekundu tulilambe tukalale," ulisema. "Sisi tumenye." Basi tulimenya. Kwa nini msichana anakatazwa kufungua chungu, halafu anaachwa peke yake na chungu? Kwa nini mama wa kambo ni mbaya katika kila hadithi, na baba hana neno, yupo tu, kama kigoda? Hilo la kigoda ulisema wewe, na nilitazama huku na huku kama kuna mtu amesikia.

Na zimwi. Zimwi lenye midomo miwili, mmoja usoni na mmoja kisogoni, limeufunika kwa nywele. Wa mbele unasema maneno mazuri, wa nyuma ndio unaokula. Bibi yako alilisimulia ili tuogope. Wewe uliliweka akilini, na mwaka ule serikali iliporuhusu watu binafsi kununua kahawa, malori yakaanza kupanda mpaka huku Maguu, akaja mnunuzi mmoja mwenye kofia na mizani na redio kubwa ya kanda. Baba yako alisimama mbele yake akitabasamu, kila mtu akitabasamu. Wewe ukazunguka nyuma ya yule mtu, ukainama, ukanyanyua shingo, ukachungulia chini ya kofia.

"We binti, unatafuta nini huko nyuma?"

"Natafuta mdomo wako wa pili. Shikamoo."

Baba yako alikupiga kofi la mgongo mbele ya watu. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikaona anavyouma midomo asicheke. Na kabla gunia halijapakiwa, alimwomba yule mtu apime tena.

Unamkumbuka mama wa Mbamba Bay, yule anayepanda huku na ndoo ya usipa, dagaa wa ziwani? Ulimuuliza kama huko ziwani nako kuna zimwi. Akasema lipo, tena kubwa. Ukamuuliza linakaa msitu gani. Akashangaa. "Msituni? Kwetu zimwi linatoka majini, mwanangu. Msituni ndiko tunakolikimbilia." Njia nzima ya kurudi ulitangulia mbele, samaki kwenye jani mkononi, mpaka nikadhani umekasirika. Tulipofika kwenye mto ukasema, "Otilia, zimwi linakaa pale watu wanapopata kula. Kwao ni ziwani, kwetu ni msituni. Hawatuogopeshi na mahali pabaya. Wanatuogopesha na mahali penye chakula, ili tusiende tumefumba macho."

Siku ile nilikuona mkubwa kuliko mwalimu. Sikukwambia. Mambo mengi sikukwambia, lakini wewe ulijua kusoma uso wangu, kwa hiyo naamini ulilipata.

Sasa nafika mahali ambapo sipendi kufika.

Machi ile, mvua ilipopumzika siku moja, tulikuja huku na Tekla kwa mara ya kwanza. Alikuwa amechoka kutembea, akakaa kwenye mizizi hii hii ninayoikalia, akasema, "Dada, hadithi." Ukamsimulia ya Kaupele na zimwi. Tekla alisikiliza mdomo wazi, suku limesahauliwa shavuni. Wiki hiyo hiyo homa ikakukamata. Zahanati ilikupa vidonge, na homa ikapanda badala ya kushuka. Wanaume wakakufunga kwenye machela wakuteremshe Mbinga, maana gari halikuwepo. Malori hupanda huku kahawa ikiwa tayari, na wewe uliugua Machi. Nilitembea nyuma ya machela nimebeba chupa ya chai. Mto ulikuwa umejaa. Wakakuweka chini wangoje maji yapungue. Maji hayakupungua, Benigna. Uliniomba chai, nikamimina, na nilipogeuka na kikombe baba yako alikuwa amekwisha kukufunika uso.

Kikombe kile nilikirudisha nyumbani kimejaa. Sijui kwa nini sikumwaga.

Kwenye matanga, wanawake wakiwa wamekaa kwenye mikeka, Bibi Kandida alisema kwa sauti ambayo wote walisikia: "Huyu mdogo ameniambia mwenyewe. Walikuwa wakisimulia hadithi mchana huko msituni. Mama yao hayupo, sasa mwiko ungemchukua nani? Umemchukua msimulizi." Wanawake wakaguna. Mmoja akasema, "Watoto wa siku hizi." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la ugali. Na Tekla alikuwa amekaa miguuni pa Bibi, anacheza na pindo la kanga yake, na nikaona mkono wake ukiacha kucheza.

Mtoto huyu anajua kwamba mama yake alikufa akimzaa. Hakuna aliyemficha, huku kwetu hatuna adabu hiyo. Na sasa akajua kwamba wewe umekufa kwa sababu yeye aliomba hadithi. Alijumlisha mwenyewe. Hesabu ndogo kama hiyo hata mtoto asiyeanza shule anaiweza.

Tangu siku ile Tekla alianza kuziba masikio. Mtu akisema tu "zamani" mchana, vidole viko masikioni. Alipoanza darasa la kwanza, mwalimu wake alileta picha ya sungura ili awafundishe kusoma, Tekla akatoka darasani mbio, akakutwa amejificha kwenye choo. Akachapwa. Redio ya jirani ikianza mchezo wa kuigiza saa saba, yeye hukimbilia kwenye mibuni. Na Jumapili moja, katikati ya mahubiri, padre akaanza kusimulia mfano, mtu mmoja alikuwa na shamba, Tekla akaziba masikio mbele ya kanisa zima. Katekista akaja kumvuta mikono. Akapiga ukelele nitakaousikia mpaka uzeeni: "Sitaki afe! Sitaki afe!"

Hakusema nani. Labda padre. Labda mama wa padre.

Watu wengine walicheka. Bibi Kandida hakucheka, alijifunika kanga. Mimi nilitoka nje, na Benigna, mimi ninayeogopa hata kununua kiberiti dukani kwa sababu itanibidi niseme, nilitaka kuvunja kitu. Nilisimama chini ya kengele nikawaza: Yesu mwenyewe alisimulia mifano yake mchana kweupe, kando ya ziwa na mlimani, miaka yote ile, na mama yake alikuwa hai. Mama yake ndiye aliyemzika yeye. Sasa ni mwiko gani huu unaomjua mtoto wa Maguu peke yake?

Nilimwambia Mama tukitoka kisimani. Nilianza na Yesu, kwa sababu nilidhani ni mahali salama. Mama alisikiliza, ndoo kichwani, haimwagiki hata tone. Halafu akasema:

"Sema unachotaka. Unataka kuniua au unataka kusimulia?"

"Kusimulia, Mama."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Tekla. Na Bibi Kandida. Na wote waliokuwa kwenye matanga."

"Wewe? Wewe ambaye mgeni akikuuliza jina unaingia nyuma ya mlango?"

"Ndiyo, Mama."

Tulitembea. Nilidhani amekataa. Tulipofika kwenye uzio akatua ndoo, akajifuta shingo, akasema, "Basi subiri wakija kutusaidia kuchambua kahawa. Nikifa, nife kuna watu wa kunibeba."

Nataka ujue kwamba aliogopa. Watu wanadhani mtu asiyeogopa ndiye shujaa, na hata sisi tulikuwa tukimenya hivyo. Mama aliogopa. Siku ya kuchambua kahawa, Oktoba, alitoka ndani amevaa kitenge chake cha Pasaka. Kwenye kahawa! Mama Osmunda, unamjua mdomo wake, akapiga makofi: "Mama Otilia, unachambua kahawa au unakwenda harusini?" Mama akakaa kando ya kichanja cha kuanikia, akavuta kahawa mbele yake. "Nakwenda popote nitakapoitwa," akasema. Wenzake wakacheka. Mimi peke yangu nilijua kwamba amevaa ili akutwe nadhifu.

Jua lilikuwa utosini. Walikuwepo wote wanawake wa upande wetu wa mlima, Bibi Kandida akiwa kivulini na ungo wake, Tekla karibu naye akiokota punje zilizovunjika. Nilisimama. Nikasema, "Hadithi, hadithi."

Hakuna aliyeitikia. Mikono ikasimama kwenye kahawa. Bibi Kandida akaweka ungo chini.

"Jua liko wapi, wewe mtoto?"

"Liko juu, Bibi."

"Na mama yako yuko wapi?"

"Yupo hapa, Bibi."

Na hapo, Benigna, bila kuinua macho, mkono ukiendelea kutenga kahawa mbovu na nzima, Mama akaitikia peke yake: "Hadithi njoo."

Tekla alikuwa ameshaziba masikio.

Nikaanza ya Kaupele. Vibaya sana. Sauti ilikuwa ndogo, Mama Osmunda akanikatiza: "Paza sauti, mwanangu, hata zimwi lenyewe halikusikii!" Nikapaza. Nikasema palikuwa na msichana mwenye upele mwili mzima, wenzake hawakutaka kulala naye mkeka mmoja, wakamweka uani na kisu kidogo amenye viazi. Nikasema zimwi likaja kijijini wakati watu wote wako ndani wanakula, likasimama mlangoni, likafungua mdomo wake, na…

"Miwili!"

Kila mtu aligeuka. Tekla alikuwa amesimama, vidole viwili vikiwa bado masikioni, uso umekunjamana kwa hasira.

"Lina midomo miwili! Wa nyuma ndio unaokula. Dada alisema!"

Sikukosea kwa makusudi. Nisingeweza kupanga jambo zuri hivyo. Nilikosea kwa woga, na mdogo wako akanirudisha njiani. Na hakuishia hapo. Nilisema zimwi lilimeza watu na ng'ombe, akasema, "Na ngoma." Nikasema na ngoma. Nilisema Kaupele alilifuata zimwi mpaka mtoni, akasema, "Kwa kunyata." Nikanyata. Tulipofika mahali ambapo zimwi limeshiba na kulala, na Kaupele anakata kidole kidogo kabisa cha zimwi, Tekla alitoa vidole masikioni, kwa sababu alihitaji mikono yote miwili kuonyesha kisu kilivyopita.

Na watu waliomezwa wakatokea hapo kidoleni. Nilikumbuka ulivyosimulia wewe, kwamba wa kwanza kutoka walikuwa bibi vizee, wamekasirika, wanasema humo ndani kuna joto na hakuna mtu aliyewapa kigoda. Mama Osmunda alicheka mpaka akamwaga kahawa yake, na wengine wakamfuata. Wanawake wazima, mchana, jua utosini.

Nilipomaliza Tekla hakucheka. Alikwenda mpaka kwa Mama, akasimama mbele yake, akamtazama kifuani kama anapumua. Mama akamwacha amtazame mpaka atosheke. Kisha akamshika kichwa, akasema na wote, siyo na yeye tu:

"Sikilizeni. Mimi nitakufa. Siyo leo, leo nina kahawa. Lakini siku nitakapokufa, nitakuwa nimekufa kwa kifo changu. Asitokee mtu wa kumtwisha Otilia. Wala huyu. Na Benigna alikufa kwa homa na kwa mto. Tulimbeba wenyewe, tuliuona mto."

Bibi Kandida alikung'uta kanga yake, akachukua ungo, na alipopita mbele yangu akasema neno moja: "Tutaona."

Basi ndivyo tunavyoishi sasa. Bibi Kandida huja kila asubuhi. Zamani alikuwa akipita tu njiani, sasa anaingia mpaka uani, anakohoa, anasema, "Mmeamkaje humu?" Na Mama anajibu kutoka jikoni, "Tumeamka wote, mama. Hata mimi." Mama alipopata mafua mwezi uliopita, Bibi alikaa kwetu nusu ya siku akimtazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Mama alipiga chafya kwa nguvu zote, makusudi, nina hakika.

Namwelewa Bibi yako. Kama hadithi haikukuua, basi kimebaki kidonge na mvua na barabara, na hivyo havina uso wa kugombezwa. Mwiko una uso. Mwiko unaweza kumwambia mtoto, ulikosea. Namwelewa, nampa shikamoo kila asubuhi, nampa kiti. Lakini simkubalii. Hata akiishi miaka mia, hata akija kila asubuhi, simkubalii. Hatakufanya wewe mfano wa kuwanyamazishia watoto.

Kuna kitu tulikimenya vibaya, Benigna, nami nataka kukisema kwako kwa sababu hakuna mwingine wa kubishana naye. Wewe ulisema zimwi ni njaa, na kidole kidogo ni mahali ambapo mkubwa hajilindi. Nilikubali. Ulipokufa, nilikwenda kaburini kwako mara nyingi, na nitasema ukweli hata kama ni upuuzi wa mtu aliyemaliza la saba: nilitafuta kidole. Nilitafuta ni wapi nikate ili utoke. Nilifikiri labda nikisali, labda nikifunga. Nilikukasirikia. Ulisema huna mama wa kufa, ukasimulia kifua mbele, na hukukumbuka kwamba mimi nilikuwa na rafiki wa kufa.

Lakini siku ile ya kahawa nimeona. Waliomezwa na zimwi, katika hadithi, wanatoka wazima, wanalalamika, wanataka vigoda. Hao hawakuwa wafu. Walikuwa watu hai waliokaa mahali pasipo na hewa. Aliyekuwa tumboni ni Tekla. Na alitoka kama hadithi inavyosema, amekasirika, anapiga kelele: "Miwili!"

Wewe hukumezwa. Wewe ulikufa. Nimelikubali hilo hapa, chini ya msuku, na ni chungu, lakini ni langu, sikupewa na mtu.

Na Kaupele hakuwa shujaa tangu mwanzo, kama tulivyodhani. Aliachwa nje kwa sababu hakuna aliyemtaka mkekani. Kisu alikuwa nacho kwa sababu walimwachia kazi ya viazi. Nalifikiria hilo sana siku hizi, wenzangu wakiolewa na wengine wakienda Songea kwa ndugu zao, mimi nikibaki na jembe na kuku na sauti yangu ndogo. Mama Osmunda ananiita "msimulizi" sasa, kwa utani. Watoto wa upande wetu wameanza kuja. Mzee mmoja ametuma neno kwamba tunaharibu mila. Nilimjibu kupitia mjukuu wake, kwa heshima, kwamba mama yangu yu mzima na anamsalimu.

Sasa ahadi yangu. Kila masuku yatakapodondoka nitamleta Tekla hapa, mchana, na nitamsimulia. Nitamfundisha kumenya. Nitajaribu kusimulia kwa sauti ya kusikika. Na siku Mama atakapokufa, maana atakufa, hata awe mzee wa kutembelea fimbo, najua watageuka kunitazama. Bibi Kandida kama atakuwepo, atanitazama. Nitakuwa na huzuni ya kutosha kuniangusha, lakini nitasimama kwenye mikeka ile ile ya matanga, na nitasema aliyoyasema Mama: amekufa kwa kifo chake. Kisha, kama jua litakuwa juu, nitaanza hadithi. Nimekuahidi. Nimemwahidi na Mama, akasema, "Uchague ndefu."

Tekla ananiita. Amejaza masuku kwenye sketi, ananionyesha jua lilipo na kuuliza nachelewa nini. Mzigo wa kuni nimeshaufunga, wako na wangu pamoja, nitaubeba mimi.

Pumzika, dada yangu wa msituni. Wewe ulisimulia mchana kwa sababu hukuwa na mama wa kufa. Mimi nitasimulia huku ninaye.

Otilia